Kidonda Kisichotunga Usaha

Immakulata hakuzaliwa na hasira. Wanaomkumbuka alipokuwa msichana kule Muyama wanasema alikuwa mcheshi, mwimbaji wa kwaya, mwenye kipaji cha kuwaigiza wazee wa kanisa mpaka wenzake washike mbavu. Hasira ilimwingia baada ya kuolewa Makere, na ilipitia kwenye kitovu cha mtoto.

Mwanawe wa kwanza, Bazilio, alizaliwa mzima na sauti yake kubwa. Watoto wa wenzake vitovu vilikauka na kudondoka upesi; cha Bazilio kilining'inia tu. Mwezi ukaisha kingali kimeshika, na pembeni yake wekundu ulikuwa ukitambaa tumboni kama mawese yaliyomwagikia kitambaa. Immakulata akambeba mpaka zahanati. Muuguzi wa zamu alifunua nguo, akakunja uso.

"Umepaka nini hapa? Mavi ya ng'ombe?"

"Sijapaka kitu, dada. Naosha kwa maji ya kuchemsha, basi."

"Ndivyo mnavyosemaga wote. Uchafu huu ndio unaoua watoto."

Akapewa dawa, akarudi nazo. Bazilio alikufa kabla hajajua kukaa.

Msibani ndipo mama mkwe wake, Nizigiyimana, alipotamka neno ambalo halikutoka tena katika nyumba ile. Alilisema kwa Kiha, katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya mihogo, wala hakupunguza sauti. Kitovu kikikataa kudondoka, alisema, ni kwa kuwa mtoto yumo katika nyumba isiyo ya baba yake.

Visu vilisimama. Immakulata aligeuka kumtazama mumewe. Reverien alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Alifuta jasho, akatoka kwenda kupanga mabenchi.

Tangu siku hiyo Immakulata akawa mtu wa maneno makali. Aligombana na majirani kisimani, aligombana na mchungaji aliyemwambia asali na kusamehe. Watu walisema huyo mke wa Reverien ana mdomo. Hakuna aliyeuliza mdomo huo uliota kwa sababu gani.

Akazaa tena. Huyu waliyemwita Fidele kitovu chake kilichelewa vilevile, lakini mwishowe kilidondoka, na mtoto akanawiri. Nizigiyimana alimpakata mara chache, tena kwa mikono iliyonyooka, kama anayeshika kitu cha wenyewe. Fidele alipoanza kutembea, taabu ikafumuka upya. Mwiba ukimchoma, kijidonda kinageuka shimo. Fizi zinamvimba na kuvuja damu hata kumeza uji ni kilio. Kidonda cha mguuni kilikaa msimu mzima wa maharage, kikavu, cheusi pembeni, hakifungi wala hakitungi usaha. Majirani walikitazama wakanong'ona. Kidonda kisicho na usaha, walisema, si cha Mungu.

Homa ilipompanda mpaka akawa haitiki akiitwa, Immakulata hakumwomba mtu ruhusa. Alipanda bodaboda na mtoto mgongoni mpaka hospitali moja ya Kasulu mjini. Hapo wakampokea, wakamlaza, na kesho yake akaja kumwona daktari mwanamke aliyejifunga mtandio, jina lake Firdausi, mzaliwa wa pwani. Alikigeuza geuza kile kidonda cha mguu, akakinusa, kisha akauliza, "Mama, vidonda vya mtoto huyu vimewahi kutoa usaha?"

Ndipo Immakulata alipolipuka. Wodi nzima iligeuka.

"Nimechoka kuitwa mchafu! Mwenzake alikufa nikaambiwa mchafu, nikaambiwa na malaya juu. Naosha vidonda hivi mpaka vidole vyangu vinachubuka! Kama na wewe una la kunitukana, litukane lote leo, halafu umtibu mwanangu!"

Daktari Firdausi alimwacha amalize. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Sijasema wewe ni mchafu. Kidonda cha uchafu kingejaa usaha. Hiki hakina hata tone, ndiyo maana nimeuliza. Na huyo aliyekufa, kitovu chake kilidondoka lini?"

Immakulata alimfunika mtoto shuka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo bila kuwa amekwisha kumhukumu. "Hakikudondoka," alisema. "Tulimzika nacho."

Damu ya Fidele ilichukuliwa. Seli nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zilikutwa nyingi kupita kiasi, mara kadhaa ya zile za mtoto mwingine. Daktari akapeleka damu nyingine Dar es Salaam, ya mtoto, ya mama na ya baba, maana Immakulata alimwita Reverien na Reverien akaja, kimya kama kawaida yake. Majibu yaliporudi, Fidele alikuwa ameshapata nafuu kwa dawa za mshipani. Daktari akawakalisha wote wawili.

"Seli nyeupe zinasafiri ndani ya damu," alisema. "Panapoingia vijidudu, zinatakiwa zijishike kwenye ukuta wa mshipa, zijipenyeze, zitoke nje zikapigane. Cha kujishikia ni protini iliyoko juu ya ngozi ya seli yenyewe. Seli za Fidele hiyo protini zinayo kidogo mno. Basi zinapita tu na damu. Zinaitwa, zinasikia, zinashindwa kushika. Usaha mnaouona kwa watoto wengine ni mizoga ya seli zilizofika zikafia hapo. Kwake hazifiki. Hata kitovu, ili kidondoke, kinazihitaji."

"Na hiyo protini ameipotezea wapi?" Immakulata aliuliza.

"Hajaipoteza. Hakuzaliwa nayo ya kutosha. Maelekezo ya kuitengeneza mtoto hurithi mara mbili, kwa mama na kwa baba. Ninyi kila mmoja ana moja zima na moja bovu. Zima linawatosha, hamuugui. Fidele amechukua bovu la huku na bovu la huku."

"La huku na la huku," Immakulata alirudia polepole. Kisha akamgeukia mumewe. "Umesikia? Kama si mwanao, bovu la pili limetoka wapi?"

Reverien alitazama viatu vyake. "Mimi sikuwahi kusema si wangu."

"Hukuwahi kusema ni wako!"

Aliyasema kwa nguvu hata muuguzi akachungulia mlangoni. Akaendelea, hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alimwambia siku ile ya msiba alisubiri neno moja tu kutoka kwake, moja, naye akaenda kupanga mabenchi. Alimwambia kwamba mama yake alimtukana mara moja, lakini yeye, mumewe, amemtukana kila siku kwa kunyamaza. Reverien alilia. Machozi yale hayakumpunguzia Immakulata kitu.

Waliporudi Makere, aliwaita watu wa ukoo uani, akamtaka Reverien aeleze mwenyewe, kwa Kiha, kwa kinywa chake. Reverien akaeleza, akikwama kwama. Alipofika kwenye kurithi, Nizigiyimana alisimama.

"Oya!" alikataa kwa Kiha. "Kwetu hakuna ugonjwa huo!"

Lakini alibaki amesimama, na wifi yake mzee, aliyekimbia naye kutoka Burundi, alikuwa akimtazama kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Nizigiyimana akaketi chini vumbini. Akasema kabla ya Reverien alizaa wawili, wakati wakiwa bado kwao. Wote vitovu viligoma. Wote alizika. Na mama mkwe wake alimwambia maneno yaleyale, neno kwa neno, naye Nizigiyimana akaapa hatayasema kwa mtu yeyote maisha yake yote.

Watu waliinamisha vichwa. Wengine walidhani sasa Immakulata atalegea, atamkumbatia mkwewe, na ua mzima utalia pamoja. Haikuwa hivyo. Alihisi moto ukipanda kutoka miguuni.

"Kumbe ulijua," alisema. "Ulimwona Bazilio ukakumbuka wako. Ulijua maneno yale yanauma wapi, ukayachukua ukanichoma nayo palepale. Asiyejua ningemsamehe. Wewe ulijua!"

 

Fidele yu hai. Anakunywa dawa ya kuzuia maambukizi kila siku, na homa ikimgusa anakimbizwa hospitali. Daktari alisema tiba kamili ni kupandikizwa uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza seli za damu, kutoka kwa mtu anayelingana naye, na kwamba kulipata hilo si jambo la leo wala la karibu. Immakulata hakumshukuru kwa habari hiyo, wala hakumlaumu. Ila mabinti wa ukoo wanaoolewa, na wanaoolewa kwenye ukoo, huwafuata mpaka jikoni kwao. "Kitovu kikichelewa, nenda hospitali, uwaambie wapime damu," huwaambia. "Na mtu akikutukana, niite mimi." Wapo wanaokereka. Wapo waliomwita.

Reverien amejifunza kusema, kwa kuchelewa. Yeye na mkewe wakizungumza, wanazungumza habari za shamba na za mtoto.

Nizigiyimana huja asubuhi na maji ya chumvi ya vuguvugu, akamsafisha mjukuu wake fizi, akimshika kidevu kwa upole. Immakulata humfungulia mlango. Humpa kigoda. Kisha hutoka nje kutwanga, na hutwanga kwa nguvu kuliko muhogo unavyohitaji, mpaka bibi amalize aondoke.