Maneno ya Mtu wa Pili

Kuna siku moja inayokataa kuzeeka pamoja nami, mwanangu, na siku hiyo ilianza kwa sauti. Nilikuwa nje ya tembe letu pale Ihumwa, napepeta uwele, niliposikia kutoka ndani kishindo kikavu, kama fimbo inapopiga ngozi iliyoanikwa. Kisha sauti ya kaka yangu Yohana ikaanza kukariri jambo harakaharaka, ikakwama, na kile kishindo kikarudi. Nilidhani anaua nyoka. Nilipoinama mlangoni nilimkuta amekaa kwenye kigoda, karatasi za amri za serikali ya Wadachi zimetandazwa miguuni pake, na fimbo nyembamba iko mkononi. Kila aliposahau neno, alijichapa paja.

"Yohana, unafanya nini?"

"Nasoma," akajibu bila kuinua macho. "Bomani hawasamehe kosa. Bora nianze kuzoea."

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa binti yangu, na nakuandikia haya kwa sababu umenieleza kwamba mtihani wako wa uwakili umekaribia, kwamba umejifungia chumbani huko Dar es Salaam, huli vizuri, na hutaki kuzungumza na mtu kabla hujamaliza vitabu vyote. Nilipoyasoma maneno hayo, nilikisikia tena kile kishindo.

Zama za Mdachi hapakuwa na mtu wetu aliyeweza kuwa wakili. Kazi iliyokaribia hapo ilikuwa ya mkalimani wa baraza. Yeye alisimama kati ya Bwana Shauri, yaani Mjerumani aliyehukumu kesi, na Mgogo asiyejua Kiswahili. Alichokiacha mkalimani kilihesabiwa kuwa hakikusemwa. Sisi tulilijua hilo kwa uchungu. Baba yetu alipelekwa bomani kwa sababu ya ng'ombe aliyekutwa zizini mwetu. Alieleza kwa kirefu kwamba rafiki yake alimkabidhi ng'ombe huyo amtunze, anywe maziwa yake, na mwenye mali abaki kuwa mwenye mali, kama desturi yetu ilivyo. Mkalimani alichoka katikati ya maelezo. Akamwambia Bwana Shauri, "Anakubali kwamba ng'ombe si wake." Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomwangamiza. Baba alihukumiwa kuwa mwizi, akachapwa viboko, akarudi nyumbani ameinama, na kabla mvua hazijanyesha tulikuwa tumemzika.

Kwa hiyo nafasi ya ukalimani ilipotangazwa, Yohana, aliyekuwa amesoma misheni pamoja nami, alisema kwamba ataipata yeye ili asichapwe tena mtu kwa maneno yaliyokatwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa hatarini, mwanangu. Na ndiyo maana sikuthubutu kumnyang'anya ile fimbo.

Baba mkubwa, Mzee Madeje, ndiye aliyethubutu. Alikuwa kaka wa marehemu baba, mtu mwenye ulimi mkali aliyesuluhisha magomvi ya kwetu. Alifika adhuhuri, akaita "Mbukwenyi!" uani, salamu yetu ya Kigogo, na alipoitikiwa na mimi peke yangu akapiga kelele kuelekea ndani.

"Kijana, toka uote jua! Unanuka kama panya wa ghalani."

Yohana akatoka, akichechemea. Wakakaa kwenye lango la zizi.

"Unataka kesi?" akauliza Madeje.

"Nipe, baba mkubwa."

"Mtu mmoja amekuja kwangu analia. Anasema jirani yake amewafungia mbuzi wake zizini na hataki kuwarudisha. Ameomba, amebembeleza, wapi! Unasemaje?"

Yohana akafumba macho, akaitiririsha amri ya wizi tangu mwanzo hadi adhabu, bila kukosea. Madeje akatia ugoro puani, taratibu, akapiga chafya, akajifuta.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi bado. Mtu wa pili hajafungua mdomo, nawe umeshamvua nguo achapwe."

Nilicheka. Nilipouona uso wa kaka yangu, kicheko kikaniishia.

"Baba yako aliuawa na mtu mwenye haraka," Madeje akaendelea, na sauti yake haikuwa tena na mzaha. "Wewe una haraka kumshinda yule."

Kwetu, kesi zilisikilizwa kwenye lango la zizi, na hakuna aliyeruhusiwa kujibu kabla hajayarudia maneno ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwa kusema, "Ndivyo nilivyosema." Wengine walirudishwa mara nyingi hadi jua likachwa. Madeje alimtaka Yohana asome kwa njia hiyo. Asubuhi ajifunze amri zake. Alasiri awaite wachungaji na majirani wagombane mbele yake, kwa kweli au kwa kuigiza, naye arudie maneno ya kila mmoja. Na pale asipojua jibu, atamke mbele ya watu wote kwamba hajui, ili ulimi wake ulizoee neno hilo.

"Nikienda bomani kusema sijui, si watanifukuza?"

"Watakufukuza," Madeje akasema. "Mimi sikukuambia kwamba hawatakufukuza."

Yohana alijaribu kwa siku chache. Mimi nilikuwa mlalamikaji, mama alikuwa mshitakiwa, na mama alipenda mno kudanganya. Kisha hofu ikamrudia, akahesabu karatasi zilizobaki, akaingia ndani, na nikaanza kukisikia tena kile kishindo.

Akaondoka kwa gari moshi kwenda bomani, ambako enzi hizo kulikuwa mbali na kwetu. Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: kwanza amri, kisha kesi halisi mbele ya Bwana Shauri. Jirani yetu aliyefanya kazi ya reli ndiye aliyetuletea habari. Yohana alikuwa ameshinda sehemu ya kwanza kuliko wenzake wote. Lakini alikuwa hali wala halali, anakariri tu usiku kucha. "Na kule kuna mzee amefungwa," jirani akaongeza. "Mgogo, asiyejua Kiswahili. Kesi ya ng'ombe wa kutunziwa. Hiyo ndiyo watakayompa kesho."

Nilikwenda kwa miguu hadi stesheni ya Dodoma, palipokuwa na simu ya waya. Mpiga simu alikuwa mtu wa mjini, mwenye kanzu na kofia safi.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi simu ya nini? Ninyi wa mashamba mnakuja hapa kwa misiba tu."

"Nataka asife mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui," nikasema, na ilikuwa kweli. Sikulijua hata jina la yule mzee.

Akanitazama, kisha akashika kalamu. "Haya, sema. Kwa ufupi, waya hauchukui hotuba."

Nilisimama pale nikiyapima maneno. Nikimwambia Yohana asiogope, atajua kwamba mimi naogopa. Nikimkumbusha baba, huenda nikaiponda ile nguvu ndogo iliyobaki. Nikinyamaza, atafaulu kwa namna aliyoizoea, na mzee wa watu atalala kifudifudi uwanjani kama baba. Mpiga simu aligonga meza kwa kidole. Hatimaye nikasema: "Mrudie mzee mpaka akubali. Usipojua sema hujui. Nyumbani ni kwako."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu ni hiyo ya mwisho."

Simu ilimfikia kabla hajaingia barazani. Mzee alizungumza kwa kirefu, kama wazee wetu wanavyozungumza, akianzia kwa babu wa ng'ombe. Yohana alimsimamisha mara mbili, akamrudia maneno yake, akamngoja aseme, "Ndivyo." Bwana Shauri alipiga meza. Akamuuliza amri fulani ghafla katikati ya maelezo, na kaka yangu, aliyezikariri zote kwa fimbo, akaona kichwa chake ni kitupu. Akajibu, "Sijui, Bwana." Maneno ya mzee yalifika yote. Mwenye ng'ombe aliitwa, akathibitisha, na mzee akarudi kwake mgongo ukiwa mzima. Nafasi akapewa mtu mwingine.

Natamani niishie hapo, lakini haitakuwa haki. Vita vya Wazungu vilipofika kwetu, wakalimani walibaki bomani, na vijana wasio na kazi ya serikali walikusanywa wakabebe mizigo ya jeshi. Yohana alibebeshwa, akaenda, na hakurudi. Hatuna kaburi lake. Nimejiuliza maisha yangu yote kama simu yangu ndiyo iliyomtwika ule mzigo, na sijapata jibu. Ninalolijua ni kwamba yule mzee alikuja kwetu kila baada ya mavuno, akakaa kwenye lango la zizi, akatusimulia jinsi Yohana alivyomrudia maneno yake barazani, na machozi yakamtoka kila mara palepale pa "Ndivyo." Miaka ile, hayo ndiyo yaliyokuwa maombolezo yetu.

Kwa hiyo, mwanangu, fungua mlango wa chumba chako. Sheria zisome asubuhi, akili ikiwa na nguvu, na alasiri waite wenzako. Mmoja adai, mwingine akatae, nawe usitoe hukumu kabla hujayarudia maneno ya mtu wa pili hadi yeye mwenyewe aridhike. Usilolijua litaje kwa sauti mbele yao, kisha ukalitafute. Kula. Lala. Na kama una fimbo yoyote unayojichapa nayo, hata ile isiyoonekana kwa macho, ivunje. Haikumfundisha kaka yangu hata neno moja lililomfaa siku ile.

Mungu akupe sikio refu na ulimi usio na haraka. Akikupa na cheti, tutashukuru. Siku hizi posta ya Dodoma ina simu inayochukua sauti yenyewe, nami sikungoja mtihani ufike. Jana nilikwenda, nikakupigia, na mwenye nyumba wako akasema hutaki kuitwa. Nilimwachia maneno ya kukufikishia, nikamwomba anirudie mpaka nikakubali: usipojua sema hujui, nyumbani ni kwako.