Daftari la Bi Kufuli

Bi Kufuli hakusingiziwa jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza maktaba wa taasisi ya utafiti wa maji, na kwa miaka yote hiyo ufunguo wa kabati la ripoti ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, mlango wake haufunguki mpaka upigwe goti. Ndani mlilala ripoti za visima, mito na mabwawa, kila moja imegongwa muhuri: KWA MATUMIZI YA NDANI. Anayetaka kusoma alete sahihi ya mkurugenzi. Na mkurugenzi, Mungu amjalie miguu, hakuwa mtu wa kukaa ofisini.

Lakini mama huyu alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia mtu isipokuwa mumewe. Kila aliyemnyima ripoti, alimwandika. Mgeni akishageuza mgongo tu, daftari la shule linatoka kwenye mtoto wa meza: tarehe, nani, alitaka nini, namba ya simu. Roho ilimuuma, ndiyo maana aliandika. Ila haikumuuma kiasi cha kufungua kabati.

"Mke wangu, wewe hata sukari ya humu ndani unaifungia," alimtania mumewe, fundi saa aliyestaafu. "Siku ukilifungua kabati lile, mende watakushtaki kwa kuwahamisha bila taarifa."

Basi serikali ikaunda kamati ya kuandika sera ya taifa ya sayansi huria, yaani utafiti uliofanywa kwa jasho la wananchi usomwe na wananchi. Kamati ikakutania maktabani kwa sababu ukumbi wa taasisi ulikuwa unavuja. Bi Kufuli naye alialikwa. Kupanga viti.

Siku ya tatu wakafika ibara ya tisa. Rasimu ilitaka kila ripoti ikabidhiwe maktaba na kufunguliwa kwa umma ndani ya miezi sita. Mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya kubembeleza, akataka miezi sita ifutwe, pawekwe "pale itakapofaa." Bi Kufuli aliyajua maneno hayo. Kwa lugha ya ofisini maana yake ni kamwe.

"Ndugu wajumbe, tusijitafutie matatizo yasiyokuwepo," alisema profesa. "Kuna mtu aliyewahi kuomba ripoti hapa akanyimwa? Nani ana ushahidi?"

Ushahidi ulikuwa kwenye mtoto wa meza, hatua nne kutoka alipokaa Bi Kufuli. Lakini kuutoa ni kujianika mwenyewe. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na alitamani kuondoka na sifa ya mtumishi asiye na doa. Akainuka hivyo hivyo, akavuta mtoto wa meza.

"Mia nne na kumi na saba," alisema, daftari mkononi. "Na aliyewanyima ni mimi."

Wajumbe walimgeukia kana kwamba kiti kimojawapo kimeomba kuchangia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, uniwie radhi, wewe uko ukurasa wa thelathini na moja. Ulikuja kuomba ripoti uliyoiandika mwenyewe. Nikakwambia ulete sahihi."

"Nakala yangu ilikuwa imeliwa na mchwa," alinung'unika profesa, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata katibu aliyekuwa akisinzia.

Bi Kufuli hakucheka. Alifunua ukurasa mwingine. "Huyu ni bwana afya. Alitaka ripoti ya visima, ajue kipi kina maji ya kunywa na kipi ni cha kufulia tu. Watoto wa kijiji alichokihudumia walikuwa wanaugua. Alikuja mara tatu."

Kicheko kikakatika. Profesa akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Miezi sita ikabaki palepale.

Sera ilipotiwa sahihi, waraka ukaja, na Bi Kufuli akalipiga kabati goti mbele ya wafanyakazi wote. Mende walikimbia, kama mumewe alivyotabiri. Akatoa ripoti ya visima, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akapiga namba iliyoandikwa miaka sita nyuma.

"Bwana afya? Ni maktaba ya maji. Ile ripoti yako ipo wazi. Njoo uichukue, au nikutumie."

"Mama, ni wewe? Siamini kama unanikumbuka. Mimi si nilikuja hapo mara tatu, basi."

"Mara nne," alisema Bi Kufuli. "Ya nne nilikuona dirishani, nikajificha nyuma ya kabati."