Mbingu ya Babu Chini ya Taa

Mama mkubwa alitoka Kapalamsenga kuja kutusalimia hapa Mpanda, na kabla hajamaliza chai akamwita mdogo wake mwizi. Alikuwa anaitazama picha ya ziwa pale ukutani kwetu. Babu, baba yao, aliichora kwenye kitambaa cha marekani, akapaka rangi maji na milima tu. Mbingu aliiacha kitambaa kitupu.

"Hii siyo ya baba," alisema. "Mbingu yake ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Hii nyeupe pe! Umeuza ile, ukachorewa hii hapo Majengo."

 Mama alinitazama mimi, mwalimu wa kemia, mjuaji wa nyumba. Nami kwa kiherehere changu kesho yake nikaenda kuazima dukani taa ya kukagulia noti bandia. Nilijua vitambaa vingi vya siku hizi hutiwa dawa ya weupe, na dawa hiyo huwaka bluu chini ya mwanga ule usioonekana kwa macho. Marekani ya enzi za babu haikuwa nayo. Nilitaka sayansi imsafishe mama, yaishe.

Tukafunga madirisha, tukatundika blanketi mlangoni. Nikawasha taa. Mbingu yote ikawaka bluu.

 Nilikuwa nimemhukumu mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mmeona nyie!" Mama mkubwa akainama kuitazama vizuri, na kilemba chake cheupe kikaingia kwenye mwanga. Nacho kikawaka, bluu ileile.

 Kile kilemba nilikifua mimi jana yake.

"Mama, hii picha unaifutaje?"

"Kwa povu la sabuni ya unga. Kila nikifua mapazia na yenyewe naifuta. Baba yangu akae na vumbi?"

Sabuni! Dawa ileile ya weupe imo kwenye sabuni ya unga. Nikaishusha picha, nikang'oa ubao wa pembeni wa fremu, pale ambapo povu halikuwahi kufika. Kitambaa kilichojificha chini yake kilikuwa kimeliwa na kutu ya misumari, na rangi yake ilikuwa ya uji. Nikawasha tena. Mbingu iliwaka, ukingo ukabaki giza, na uzi ni uleule mmoja, umetoka gizani ukaingia kwenye bluu. Mambo haya nayaandika ubaoni kila mwaka, lakini siku ile vinyweleo vilinisimama. Niliogopa, na sikutaka kuizima taa.

"Ni ya baba," mama mkubwa alinong'ona.

"Picha imepona," mama akasema. "Mimi je, dada? Mimi utanimulika na nini?"

Kwetu mdogo ndiye humpigia magoti mkubwa. Mama mkubwa, na miguu yake ile mibovu, akashika kiti, akashuka taratibu mpaka sakafuni mbele ya mdogo wake. Mama alimwacha pale kitambo kabla hajampa mkono.