Kisu cha Jirani

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa pale Ihumwa, na ng'ombe wake wote wa shughuli walichinjwa na Mwislamu. Hakuna aliyeona ajabu. Ukiwa na harusi au msiba unamwita jirani mwenye kisu, anasema bismillahi yake, na wageni wote wanakula chungu kimoja. Wetu alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa Kigoma, na baba alimtania kwamba ng'ombe wa pale nyumbani wanaombewa vizuri kuliko mwenye ng'ombe.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ruksa mitumba, ruksa maduka, ruksa kila mwenye kipaza sauti kuhubiri. Kaka yangu, aliyekuwa akiuza mitumba mjini, alirudi nyumbani na kanda za mhubiri zilizosema serikali imeshikwa na Waislamu. Vijana wa jirani nao walikuwa na kanda zao, zilizosema serikali ni mali ya kanisa. Serikali ilikuwa moja, na mimi sijawahi kuiona ikisali.

"Kama serikali haina dini," kaka alimwuliza baba siku moja, "mbona machinjio yake yana dini?"

Baba alikuwa ameshaanza kuugua, akiongea kwa kupumzika. "Mimi naweza kula kilichochinjwa na yeye, mwanangu. Yeye hawezi kula kilichochinjwa na mimi. Sasa hapo nani ampishe mwenzake?" Akanigeukia. "Siku yangu ikifika, aitwe huyu huyu. Sitaki watu wagawanyike msibani kwangu."

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Kaka akatangaza kwamba fahali wa msiba atamchinja mwenyewe. Nilimkumbusha maneno ya baba, akasema marehemu hamwokoi mtu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwomba aje aongee naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, kisha akasema, "Dada, serikali haina dini. Hayo mambo sisi hatuingilii."

Shuleni tulifundishwa maneno hayo kwa fahari: kila mtu aabudu apendavyo, asibughudhiwe. Siku ile yaliniacha nimesimama barazani kwa mwenyekiti, sina mwingine wa kumwendea.

Asubuhi ya mazishi jirani alifika kwetu akitoka kusaidia kuchimba kaburi, vumbi bado kwenye kanzu, kisu kimeviringishwa kwenye kitambaa. Akamkuta fahali ameshalala chini, kaka na wenzake wa kanisa lake jipya, la yule mhubiri wa kanda, wanachuna. Alikwenda kukaa mkekani na mkewe na jamaa zake, kando ya zizi.

Tulipotoka kuzika, wapishi wakapakua. Waislamu wote walishukuru wakasema wameshiba, watu waliokuwa wameshinda na majembe juani tangu asubuhi. Wake zao wakaleta ugali wa uwele na mlenda kutoka majumbani kwao, wakala pale pale kando ya zizi. Mwenyekiti, ambaye serikali yake haina dini, alikula nyama ya kaka na kuomba aongezewe mchuzi. Nilimchukia. Mpaka leo namchukia, na wala sijamwomba Mungu aniondolee.

Mama hakuwa amelia tangu baba akate roho. Mjane hatoki ndani siku ya maziko, lakini yeye alitoka, kanga kichwani, akapita chungu cha mwanawe bila kukitazama, akaenda kukaa ukingoni mwa ule mkeka. Mke wa jirani akamsogezea sahani. Mama akamega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala. Ndipo alipokiona kile kitambaa kimewekwa pembeni.

"Shemeji, ulikuwa umekinoa?"

"Nilikinoa alfajiri, shemeji."

Hapo ndipo mama alipomlilia mumewe.