Dobi Anayewarudisha Wenzake Kwenye Dawa

Saa mbili na robo asubuhi. Dada Dobi ananyunyiza maji kwenye kola ya shati jeupe, anashusha pasi ya mkaa, na mvuke unampanda usoni. Ana mashati kumi na manne ya kunyoosha kabla ya saa tano. Mteja anachungulia kibandani kuulizia suruali yake.

"Iko tayari tangu juzi, kaka. Wewe ndiye hukuwa tayari," anamjibu bila kuinua macho.

Simu inaita. Anasikiliza, kisha anaiegesha pasi juu ya tofali.

"Kaa hapo hapo, mdogo wangu. Usiende popote. Nakuja."

Aliyepiga ni mpishi wa mgahawa mmoja, si mbali na hapo. Jumapili wanaume wawili wa nyumba anayopanga waliuvunja mlango wake, wakampiga, wakamnyoa nywele kwa nguvu, wakamwaga dawa zake mtaroni. Leo ni siku ya nne hajameza kidonge.

Dada Dobi na mpishi huyo walipozaliwa waliandikwa watoto wa kiume. Wote wawili wanajitambua, na wanaishi, kama wanawake. Na wote wawili wana virusi vya Ukimwi.

Dobi huyu mwenye umri wa miaka 38 ana kazi ya pili. Kwa miaka mitatu amekuwa mwelimishaji rika wa kliniki ya mtaani, akiwatafuta wenzake walioacha dawa na kuwarudisha. Mpaka sasa amewarudisha 41. Wanne kati yao amewazika.

"Watu wanadhani wanaacha kwa uzembe," anasema huku akifunga kibanda. "Mtu amepigwa, amefukuzwa nyumba, amechekwa. Utaanzia wapi kumwambia habari ya kidonge?"

Anayasema anayoyajua. Miaka saba iliyopita, akitoka sokoni mchana kweupe, wanaume watatu walimwangusha chini na kumvunja mkono. Mmoja alikuwa mteja wake.

"Shati alilovaa nililinyoosha mimi," anasema. "Nililitambua kabla sijaitambua sura yake."

Hospitalini alikalishwa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Karani akaliita kwa sauti jina la kiume lililokuwa kwenye faili. Aliposimama mwanamke mwenye gauni, watu wakaangua kicheko. Karani akaliita tena, na tena, kama mtu aliyenogewa.

Dada Dobi akatoka nje na mkono wake uliovunjika. Mpaka leo haunyooki vizuri, na pasi anaishika kwa mkono wa kushoto.

Dawa zake za virusi alikuwa akizichukua hospitali hiyo hiyo. Hakurudi. Kwa miezi saba alijifungia chumbani, akatoka kwenye kilo 61 hadi 39.

"Nikisikia kiatu kwenye ngazi, naingia chini ya kitanda. Mtu mzima na akili zangu!"

Aliyemtoa huko ni muuguzi wa kliniki ya mtaani, aliyesimuliwa habari zake na jirani. Muuguzi alibisha hodi mara mbili, mlango haukufunguliwa. Mara ya tatu alikuja na furushi.

"Nikamwambia nimeleta nguo za kufua, wewe si dobi?" anakumbuka muuguzi huyo. "Ningetaja dawa, asingefungua. Kwa nguo alifungua."

Wiki tatu alipeleka nguo. Ya nne, Dada Dobi akauliza mwenyewe: "Sista, huko kwenu wanawaitaje watu?" Muuguzi akamweleza kwamba wangeweza kuwaita kwa namba. Kliniki ilikuwa haijawahi kufanya hivyo. Ilianza wiki hiyo, kwa ajili yake, na sasa wagonjwa wote wanaitwa hivyo.

Chumba cha mpishi kina godoro, jiko na sufuria zisizooshwa. Mwenyewe ameketi pembeni, kitambaa kichwani, jicho moja limevimba na kufumba.

"Siendi, dada. Watanitazama."

"Watatazama. Na mimi nitakuwa kando yako, watutazame wote wawili."

Mpishi anatikisa kichwa. Dada Dobi habishani. Anavuta ndoo, anaanza kuosha sufuria. Anauliza wali wa mgahawani unapikwaje hata haugandi, maana wake yeye hata paka anaususia. Mpishi anaanza kueleza kwa shingo upande, kisha anamsahihisha, kisha anacheka na kushika mbavu kwa maumivu. Kicheko hicho kinageuka kilio. Dada Dobi anaacha sufuria, anamkumbatia mpaka anatulia.

Inapita saa nzima.

"Tupite njia ya nyuma," hatimaye anasema mpishi.

"Tutapita hata juu ya mapaa."

Kliniki, anaitwa namba kumi na tisa. Hakuna anayegeuka. Muuguzi anamsafisha majeraha, anampa dawa za mwezi mzima, na kumwandikia siku ya kuonana na mshauri, kwa sababu hajalala tangu Jumapili. Waliompiga bado wako kwenye nyumba ile. Atakaa kwa Dada Dobi mpaka apate chumba kingine.

"Nikimtazama naona kazi yangu haikwenda bure," anasema muuguzi, akimwonyesha dobi kwa kidevu. "Mimi nilimfuata mmoja. Yeye amefuata 41."

Leo wanakuwa 42.

Vipimo vya Dada Dobi mwenyewe vimekuwa safi kwa miaka mitano. Mwezi huu anapanga kwenda kwa mama yake, ambaye hawajaonana kwa miaka kumi na moja, tangu baba, ambaye sasa ni marehemu, alipomfukuza. Wiki mbili zilizopita alimweleza mama kila kitu kwa simu. Siku mbili mama hakupiga. Ya tatu akapiga.

"Akaniambia, 'Mwanangu, nipe vipimo vyako.' Nikavuta pumzi, nikaanza kumweleza kwamba virusi havionekani tena kwenye damu. Akanikatiza: 'Hilo nimeshamshukuru Mungu. Mimi nauliza vya kifua na kiuno. Fundi yuko hapa ananisubiri, gauni lako alishone vipi?'"