Hoteli ya Kicheko cha Mama

Baba yangu ni fundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka thelathini ameshona sare za hoteli. Anawavika mabawabu, watu wa mapokezi, wahudumu wa meza na wale wanaotandika vitanda. Ukimuuliza kuhusu hoteli yoyote kubwa ya mji wetu, hatakuambia ina ghorofa ngapi. Atakuambia sare zake hurudi kwake kurekebishwa zikiwa na hali gani. Kuna hoteli iliwahi kumwagiza ashone mifuko ya wahudumu wote ifungwe kabisa, wasije wakatia mikono mfukoni mbele ya wageni. Aliishona, maana kazi ni kazi, lakini mpaka leo ukiitaja hoteli hiyo hukunja pua.

Si msemaji. Akiwa hataki kujibu jambo hutia pini mdomoni, tatu au nne, halafu hukutazama kwa upole, kama mtu ambaye angependa sana kukusaidia ila ndiyo hivyo tena, ana pini mdomoni. Mimi na kaka yangu tumelelewa na pini hizo. Hata akicheka, ni mabega tu yanayotikisika.

Mama ndiye mwenye sauti ya nyumba. Kwa miaka mingi alikuwa akipima watoto uzito kliniki, na kicheko chake kilijulikana mtaa mzima. Akicheka, watu wa nyumba ya tatu walicheka bila kujua wanacheka nini. Watoto waliokuwa wakilia kwenye mizani walinyamaza wasikilize. Baba aliposikia kicheko hicho kwa mara ya kwanza alikuwa anampima mteja kiuno. Akasahau namba, akamshonea bwana yule suruali iliyowatosha wawili, na mwaka haukuisha akamwoa Mama.

Halafu, miaka kumi na miwili iliyopita, daktari mkuu wa kliniki alistaafu, akaagwa kwa chakula katika hoteli ya kifahari. Mtu mmoja pale mezani akatoa kisa, Mama akacheka. Mhudumu akaja, akamwinamia sikioni, na kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia akamwambia, "Mama, samahani, hapa si sokoni." Mama akaomba radhi. Aliporudi nyumbani alitusimulia kama mzaha, lakini tangu siku ile, akitaka kucheka, mkono wake wa kulia unakwenda wenyewe kuziba mdomo. Hata jikoni kwake. Hata akiwa peke yake na redio. Mimi nina hasira na mhudumu yule mpaka leo, na nikikutana naye nitamwambia kwamba sokoni wana adabu kumshinda.

Basi mwaka huu wazee wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Mimi na kaka tukaamua kuwazawadia siku moja katika hoteli kubwa: chakula cha mchana sote pamoja, kisha wao walale huko, watandikiwe kitanda na watu wengine.

"Mimi?" Mama akasema. "Nikakae huko nimekakamaa kama nguo mpya dukani? Hapana, wanangu. Nipeni sufuria, nitawaombea dua."

Baba akatoa pini mdomoni. "Tutakwenda, mama watoto. Hoteli nitachagua mimi."

Mama alimtazama. Baba huomba kitu mara moja kwa miaka kumi, na yeye anajua. "Haya, Fundi," akasema. "Mara moja tu. Na usije ukaniomba tena."

Kaka yangu anauza simu, kwa hiyo alikuja na hoteli zote mkononi. Alituonyesha bwawa la kuogelea lililo juu ya paa, vitanda vilivyo vipana kuliko chumba changu, na nyota, nyota, nyota.

"Hii hapa, Mzee, ndiyo inayosifiwa na kila mtu."

"Hiyo vifungo vya kola hukatika kila wiki," Baba akajibu. "Wanavuta kola siku nzima. Mtu huvuta kola akiwa na hofu, na mwenye hofu hawezi kumkaribisha mwenzake."

"Na hii?"

"Hiyo suruali zake huchakaa magotini."

"Basi mbovu."

"Basi wanapiga magoti. Huwezi kumfunga mzee kamba za viatu ukiwa umesimama wima. Iweke kando."

Alichambua hivyo jioni nzima mpaka zikabaki tatu. Kaka akachoka. "Mchagua nazi hupata koroma, Mzee," akamwambia, akaenda zake. Baba akanigeukia mimi, kitinda mimba wake. "Jumamosi vaa viatu vizuri. Tunakwenda kunywa chai."

Hoteli ya kwanza ilikuwa na sakafu unayoweza kujitazamia na maua marefu kama mimi. Tulikaa kwenye ukumbi wa mapokezi, chai ikaletwa. Baba akanywa mafunda mawili, akaweka kikombe, akavuta pumzi, akaangua kicheko.

"Ha! Ha! Ha!"

Sijui nieleze vipi. Kilikuwa kicheko kibaya, kama gari linalokataa kuwaka. Watu waligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu vizuri.

"Baba! Una nini?"

"Nyamaza, natazama," akanong'ona, akaangua tena.

Mhudumu akaja mbio, meneja nyuma yake. "Mzee, kuna tatizo lolote?"

"Hakuna, mwanangu. Nimefurahi tu."

"Tunashukuru kusikia. Ila tungeomba, tafadhali, wageni wengine wanapumzika."

Baba akamshukuru, akainuka, tukatoka. Nilimfuata nikiwa nimevimba kwa aibu, na kule barabarani nikamuuliza kama amerukwa na akili. Ndipo aliposema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja.

"Mama yako alipoteza kicheko hotelini. Kitu hutafutwa pale kilipopotelea. Nataka nikisikie tena kabla masikio yangu hayajaziba. Sasa nikimpeleka mahali, wakamfanya vilevile, nitakuwa nimekizika kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maana wacha wanikemee mimi kwanza."

Nililia palepale kando ya barabara. Baba akanipa kitambaa cha kupimia rangi za sare, nikajifutia pua.

Katika hoteli ya pili alicheka mara tatu na hakuna aliyegeuza hata shingo. Wahudumu walipita na tabasamu zao, zote sawasawa, kana kwamba wameshonewa siku moja. "Hapa pazuri," nikasema. "Hawakutukataza."

"Hawakutusikia," Baba akasema. "Hata ningelia wangetabasamu hivihivi."

Ya tatu ilikuwa ile ya magoti. Ni hoteli ya zamani, haina bwawa juu ya paa, lifti yake ina kioo na kiti kidogo cha kukalia, na makochi yake hukuzamisha mpaka unamhitaji mtu wa kukuvuta. Safari hii nilimhurumia Baba, nikacheka pamoja naye. Tulikuwa vichekesho vya kweli. Mhudumu mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alikuwa anapita na sinia. Akasimama. Midomo ikamcheza. Akaweka sinia juu ya meza ya jirani, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee, huo ni uchoyo," akasema. "Tuambieni na sisi."

Baba hakuwa na kisa cha kumwambia. Hajawahi kuwa nacho maishani. Akapapasa mfuko wa shati kutafuta pini, hakuna. Kwa hiyo akamweleza ukweli wote: kliniki, daktari, sokoni, mkono. Mhudumu alisikiliza akiwa amepiga goti moja kando ya kochi, macho yake usawa wa macho ya Baba. Baba alipomaliza, yule bwana hakutoa pole. Aliuliza tu, "Mkono gani huziba mdomo?"

"Wa kulia."

"Vizuri. Na atapenda kukaa dirishani au katikati ya ukumbi?"

"Katikati," Baba akasema. Tulipotoka nje alikuwa anatembea kama kijana.

Siku ilipofika, Mama alivaa gauni la buluu aliloshonewa na Baba, na Baba akavaa suti yake ya pekee. Tukakaa katikati ya ukumbi wa chakula. Bawabu alikuwa amempa Mama mkono mlangoni, wapishi wawili walitoka kumsalimia, yule mhudumu alimwita "bibi harusi," lakini Mama aliketi mgongo umenyooka, anaongea kwa kunong'ona kama tuko chumba cha wagonjwa. Kaka alitoa visa vyake bora vya wateja wa simu. Mama alitabasamu midomo imefungwa. Niliona mkono wa kulia umekaa tayari kandokando ya sahani, unasubiri.

Nikaona pia kitu kingine. Kila kaka alipokaribia mwisho wa kisa, mhudumu alitokea. Mara ampe Mama glasi, mara ampe orodha ya vyakula, daima kwenye mkono wa kulia. Mama alikuwa anashukuru na kuhamishia kushoto. Nyama ikaja, ikaondoka. Nilimtazama Baba. Alikuwa amekunja uso kama anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani, nami moyo ukaniuma kwa ajili yake. Miaka kumi na miwili, hoteli tatu, na sasa karibu tunakula matunda.

Matunda yakaja kwenye bakuli kubwa la kioo. "Mama, nisaidie," mhudumu akasema. "Nishikie hili kidogo nipange meza." Na Mama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipokezwa watoto wa watu bila onyo, alilipokea kwa mikono yote miwili.

Hapo Baba akaangusha kijiko. Akasimama, akazunguka meza, akampa Mama mgongo, akainama kukiokota.

Kraaaa!

Suruali ilipasuka kuanzia mkanda hadi chini kabisa, na ndani, fundi wa sare za mji mzima alikuwa amevaa kaptula aliyoshona kwa mabaki ya mapazia, yenye maua ya waridi. Mkono wa Mama ukaruka kwenda mdomoni, ukakuta bakuli. Akatazama huku, akatazama kule, hakuna pa kuliweka. Kikaanza chini tumboni, kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa, kikapanda, na kifuniko kikaruka.

Mama akacheka. Alicheka mpaka machungwa yakabingirika mezani. Meza ya jirani ikacheka, na ya nyuma yake, wapishi wakachungulia kutoka jikoni nao wakaanza, na mtoto mmoja aliyekuwa akisumbua kule pembeni akanyamaza asikilize. Mhudumu akafungua aproni yake, aliyoishona Baba mwenyewe, akamfunga nayo kwa nyuma. "Mganga hajigangi!" Mama akasema, machozi yakimtoka, kisha akaanza upya. Baba alisimama katikati ya ukumbi na aproni yake, kijiko mkononi, amefumba macho, anasikiliza.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui nyingine ya kuilinganisha nayo.

Jumatatu nilipita kibandani kwake, kando ya nyumba. Alinitupia ile suruali. "Nishonee wewe, mimi nina sare nyingi." Nikaigeuza ndani nje, nikaipeleka kwenye mwanga. Mimi ni mtoto wa fundi. Najua kwamba uzi uliokatika kwa kuvutwa huwa na vinyweleo kwenye ncha. Nyuzi hizi zilikuwa safi, moja baada ya nyingine, mshono mzima, isipokuwa nne tano zilizoachwa makusudi zishikilie. Nyingine zote zilikuwa zimekatwa kwa wembe.

Nikainua macho. Baba alikuwa ananitazama.

"Baba," nikasema. "Huu mshono."

Akachukua pini akatia mdomoni. Moja, mbili, tatu, nne. Wakati huohuo dirishani kukapita sauti ya Mama, aliyekuwa uani akimsimulia jirani habari ya maua ya waridi kwa mara ya sita, na kicheko kikafuata, kizima, bila mkono. Mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia. Nikamwambia, "Tema hizo pini kabla hujazimeza," akazitema zote nne sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia Baba akicheka kwa sauti bila kuigiza, kicheko kizuri kabisa.