Sauti ya Pili ya Koko

Mwezi uliopita mama alianza kufunga vitu vyake Hallonbergen, hapa Sweden, ili ahamie nyumba ndogo zaidi, nami nikatoka Hallunda kwenda kumsaidia. Alinikabidhi mapazia, akaniambia nishuke nayo tvättstuga, kile chumba cha kufulia cha jengo zima kilichoko chini kabisa. Sijaufikia hata mlango, nikasikia wimbo. Nilisimama na furushi langu kifuani, nikajikuta ninaimba, kila neno, kwa Kijapani. Usinishangae. Kijapani sikijui hata cha kuombea maji.

Wimbo wenyewe ni wa bendi moja ya roki ya Japani, wazee sasa, waliokuwa jukwaani kabla mimi sijazaliwa. Nasikia huko kwao hakuna asiyezijua nyimbo zao. Mimi nilizipata kwa jirani wa ghorofa ya tatu, Mjapani aliyeishi peke yake, ambaye zamu yake ya kufua ilikuwa Jumanne mchana. Alikuwa anashuka na kapu la nguo na redio ya CD, anaiweka juu ya mashine, anafungulia. Mwimbaji anaanza chini, kama mtu anayejisemea jikoni, gitaa moja tu likimsindikiza. Halafu ngoma zinaingia, sauti inapanda, na ikifika kwenye kiitikio huwezi kunyamaza hata uwe na homa. Ndiyo siri yao, nadhani. Wimbo unakukuta peke yako, na ukifika mwisho unajiona uko na watu. Nimesikiliza bendi nyingi tangu hapo, na hakuna iliyonifanyia hivyo.

Aliyetufikisha kwa jirani ni Koko. Koko ndiye bibi, kwetu sisi Wakongo. Alikuja kutoka Bukavu nikiwa na miaka saba, na siku zake hapa zilikuwa ndefu kweli. Mama alifanya usafi hospitalini, akitoka kabla hakujakucha. Mimi nilishinda shuleni, na nikirudi nilikuwa na Kiswidi tu. Kiswahili changu kilikuwa njoo, kula na lala. Hiki ninachokuandikia nimekipata ukubwani kwa Watanzania wa kanisani, na mama hunicheka mpaka leo kwamba naongea kama mtangazaji. Koko alikuwa akinisemesha, namjibu Kiswidi, anatikisa kichwa, anairudia sombe yake jikoni. Nyumba nzima ilinukia majani ya muhogo na mawese, na hakuna aliyeongea na mwenzake.

Sasa, Sweden zamu ya mtu ya kufua ni kitu kizito. Unaweza kumkanyaga mtu mguu na bado akakuomba radhi yeye, lakini usiingie tvättstuga saa yake. Koko hakulijua hilo. Kwao, watu wakiimba mahali basi ni kwaya, na kwaya mlango wake uko wazi. Jumanne moja alisikia wimbo ukipanda na ngazi, akaamini huko chini kuna maombi. Akajifunga kitenge chake kizuri, akashuka. Nilipotoka shule nilikuta nyumba tupu. Nilimtafuta mpaka chini, nikamkuta amesimama wima katikati ya mashine, amefumba macho, anatia sauti ya pili. Jirani ameshika soksi mkononi, hajui afanye nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wimbo ulipoisha Koko akasema amina. Jirani akainama mpaka kiunoni, kisha akaurudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti.

Basi ikawa ndiyo Jumanne yetu. Koko alibeba dagaa wa kukaanga, kwa kukosa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la kwao, na jirani akawala na vichwa vyao. Tangu hapo Koko akamhesabu kuwa mtu. Jirani naye alileta matonge ya wali. Nikitoka shule nilipitiliza huko huko, joto la kabati la kukaushia likinipiga usoni, tukaimba. Jirani aliimba Kijapani. Koko, kama wanavyofanya wanakwaya wa kwetu wakiipenda tuni ya watu, aliitilia maneno yake mwenyewe ya Kiswahili. Mimi niliimba ya wote wawili, kwa nguvu zangu zote, bila kuelewa hata moja. Lugha yangu na Koko ilikuwa hiyo tu. Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi, na mimi sikushuka tena kule chini.

Kiswahili kilipoanza kuniingia niliyatafuta maneno yake kichwani, nikayakosa. Kijapani kipo chote, ya Koko hakuna. Nilimwuliza mama, akasema, "Miye nilikuwa ku kazi." Nyimbo za ile bendi zimejaa kwenye simu, hata zile za mwanzo kabisa. Za Koko hakuna aliyezirekodi. Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Siku hiyo ya mapazia, jirani alikuwa mle ndani anakunja shuka, nywele nyeupe zote. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana kwenye lifti tu, kama Waswidi. Aliniambia bendi imetoa albamu nyingine, na kwamba yeye bado anaimba sehemu ya bibi, la sivyo wimbo unakuwa na tundu. Akaurudisha mwanzo kwenye simu yake. Kiitikio kilipofika, akaimba:

"Asubuhi nyumba inanyamaza,
nani ataniuliza niliamuka namna gani?
Mutoto ananisemesha, sisikie.
Bwana, unifundishe luga yake."

Akaniuliza maana yake. Siku zote alidhani ni shukrani. Nikamweleza kwa Kiswidi, neno kwa neno. Akazima simu yake. Mimi nililia juu ya mapazia ya mama, maana Koko alikuwa akiyaomba hayo akiwa amenishika mkono, nami namwitikia kwa furaha.

Nilimwomba jirani aimbe tena, nikamrekodi. Maneno ninayo sasa. Sauti ni ya jirani, ya Koko haipo tena popote.

Asubuhi yake, nyumbani Hallunda, mwanangu alipita jikoni na viatu mkononi. Nikamwuliza ameamkaje. Akanijibu kwa Kiswidi, vizuri, huku anaelekea mlangoni.

"Na mimi niulize," nikamwambia.

Akasimama, akanitazama, akatoa vipokea sauti masikioni. Akaniuliza nimeamkaje, kwa Kiswidi.